Tangaza Kabla Hujapungua

Mimi ni mtu wa hofu. Naanza na hilo ili mtu asidhani kwamba ujasiri nitakaousimulia hapa na mimi ninao. Sina. Nikisikia hodi wakati sikumtegemea mgeni, moyo unaruka. Nikiitwa na bosi, najiuliza nimekosa nini kabla sijainuka kwenye kiti. Na miaka ile ninayoizungumzia, hapa Dodoma, mtu wa hofu hakuhitaji kutafuta sababu. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunasubiri orodha ya watu wa kupunguzwa kazini. Ugonjwa ule ambao hatukuutaja kwa jina ulikuwa umeshaingia kwenye nyumba za watu tunaowafahamu. Juu ya hayo yote, daktari akanifunga ule mpira mkononi, akaupuliza, akaniambia nina presha, nipungue mwili, nianze mazoezi.

Aliyenianzisha ni mama mmoja wa mtaani kwetu Makole, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mtaa mzima tulimwita Mwalimu wa Zamu. Shuleni mwalimu wa zamu ndiye anayeshika wiki: anawakimbiza watoto mchakamchaka alfajiri, anakagua kucha, anasimamia mstari. Wenzake walikuwa wakishika zamu wiki moja, wanapumzika. Yeye alistaafu, akarudi nyumbani, na zamu hakumkabidhi mtu. Alizaliwa lini, na babu yake alifika Dodoma na msafara wa nani, wapo wanaoyajua hayo. Mimi nilimjua kwa miguu yake.

Miguu yenyewe ilikuwa mirefu na mikavu, ndani ya raba za mitumba zisizofanana. Ya kushoto nyeupe, ya kulia buluu. Alizikuta kwenye rundo sokoni, kila moja imepotewa na mwenzake, muuzaji akampa zote mbili kwa bei ya moja na akacheka. Mwalimu hakuona la kuchekesha. Alivaa suruali ya mazoezi, gauni refu juu yake, na ushungi alioufunga nyuma ya shingo kwa fundo ambalo hata upepo wa mwezi wa saba, ule unaotujaza vumbi mpaka kwenye meno, haukulifungua. Akishaswali alfajiri anatoka, anapita dirisha kwa dirisha, anagonga kioo kwa pete yake mara mbili. Mara ya tatu haikuwepo. Ukichelewa kutoka unamkuta ameshafika barabara ya uwanja wa ndege.

Lazima nieleze jinsi mambo yalivyokuwa, maana siku hizi watu wanakimbia na chupa za maji mkononi na hakuna anayegeuka kuwatazama. Wakati ule mtu mzima akionekana anakimbia, watu walitafuta kwanza anayemfukuza. Waliokimbia walikuwa wanafunzi, askari na wachezaji mpira. Mama wa watoto watatu, mwenye kitambulisho cha serikali, akimbie anakwenda wapi? Siku za mwanzo watoto walitufuata kwa nyimbo wanazozijua wenyewe, nyingine zina matusi. Mwalimu aliwaacha mpaka wakazoea, kisha siku moja akageuka ghafla, akawapanga mstari pale pale barabarani, akawakagua kucha. Wenye kucha ndefu aliwapeleka kwa mama zao mmoja mmoja. Hawakutufuata tena.

Kufundisha alijua. Wanaoanza hakuwakimbiza hata kidogo. Wiki nzima ya kwanza ilikuwa kutembea, na ukijitia kiherehere anakurudisha. Wiki ya pili unakimbia nguzo moja ya umeme, unatembea mbili. Alituambia kipimo cha mwendo ni mdomo: kama huwezi kumsengenya mtu huku unakimbia, basi unakimbia kuliko uwezo wako, punguza. Tulisengenya sana barabara ile, kwa afya. Alitukataza kukaa mara tunapomaliza, alitukataza kunywa maji ya baridi, alitukataza mafuta ya kula yanayoganda. Halafu tukifika kwake anajimiminia chai na kuitia sukari vijiko vinne, akiwa anatutazama machoni, aone nani atathubutu.

Hakuwa mtu wa mstari mmoja. Aliwahi kumkabili mwanamume aliyetupigia miluzi akamuuliza alisoma shule gani, mpaka yule bwana akaomba radhi. Lakini mbwa akibweka mbali huko, Mwalimu alikimbilia nyuma ya mnene kuliko wote, na mnene kuliko wote nilikuwa mimi. Alituhimiza kwenda kupima presha kila mwezi. Yeye hakuwahi kupima. Tukimuuliza anasema yeye hana presha, ana nidhamu. Tukacheka, tukaona ni katika maneno yake.

Sasa nifike kwenye jambo lake kubwa, ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine yeyote. Kabla mtu hajaanza mazoezi, Mwalimu alimtangaza. Alimshika mkono, akamtembeza nyumba kwa nyumba mtaani, anapiga hodi, anasalimu, anasema: huyu mnayemwona ana presha, au ana sukari, au magoti yanamuuma, daktari amemwambia apungue, na kuanzia kesho nitakuwa naye. Mkimwona anakonda, ni mimi. Wenyeji wanaitikia, wanawakaribisha chai, mnahamia nyumba ya pili. Ilikuwa kama kupeleka posa.

Mtu asiyezijua siku zile ataona ni kuaibishana. Hapana. Mwili wakati ule ndio uliokuwa cheti. Ukinenepa watu wanakwambia umependeza, mume anakutunza, Dodoma imekukubali. Ukikonda, salamu zinakuwa fupi. Wanasema umekanyaga miwaya, yaani ugonjwa ule umekupata. Hawakwambii wewe, wanaambiana wenyewe, na ukitokea wanaanza kuzungumzia mvua. Kwa hiyo tulioambiwa na daktari tupungue tulikuwa tumeambiwa tujipeleke wenyewe kwenye midomo ya watu. Dawa ya Mwalimu ilikuwa kuwahi. Tangaza kabla hujapungua, alisema, ukishapungua watakutangaza wao.

Mimi nilikataa. Nilikuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya serikali, na orodha za kupunguzwa zilipita kwenye mashine za wenzangu. Tulivyoamini, wagonjwa ndio wangeanza. Nikitangazwa mtaani kwamba nina presha, kesho bosi anajua, keshokutwa jina langu liko kwenye karatasi. Na huku nyuma yuko mama yangu, aliyepooza upande mmoja kwa presha hiyo hiyo, akakaa kwenye mkeka miaka miwili, akafa akiwa na umri ambao mimi nilikuwa naukaribia. Niliogopa kubaki mnene nikapooza. Niliogopa kupungua nikasemwa. Niliogopa kutajwa nikafukuzwa. Nikamwambia Mwalimu nitakimbia, lakini asinitangaze.

Akaniambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamjibu kwamba sifi, nakimbia tu. Akasema haya, na akawa ananipitia mimi kwanza, kabla ya wenzangu, tukikimbia wawili kukiwa bado na kiza cha alfajiri, kisha tunaungana na kundi kama niliyekuja kusindikiza tu.

Nilipungua kweli. Miezi minne, magauni yakaanza kunizunguka. Sikuyapeleka kwa fundi kuyabana, kwa sababu fundi ana mdomo, nikawa nayabana kwa pini. Presha ikashuka, daktari akafurahi, usingizi ukarudi. Nikaanza kudhani nimeshinda.

Kwanza ilikuwa kikombe. Ofisini tulikuwa na mwenzangu tukitumia kikombe kimoja cha chai miaka mitano. Siku moja akaja na chake, kina mfuniko, akasema amepewa zawadi. Kisha jirani yangu Mama Rehema, mtu ambaye hakuwahi kujali mume wangu anakwenda wapi, akaanza kuniuliza habari za safari zake za kikazi, analala wapi, anakaa siku ngapi. Halafu ikaja arusi mtaani. Nimekaa na wanawake wenzangu, nakatakata vitunguu kama siku zote, mama mmoja akanigusa bega, akaniambia taratibu, Mama Neema, umechoka, pumzika. Nikaweka kisu kwenye sinia. Nikakaa pembeni nikakitazama kile kisu. Vitunguu vilibaki vingi, na wanawake walikuwa wengi, na hakuna aliyekichukua.

Nilirudi nyumbani nikamkuta mume wangu amekaa bila redio. Naye ameshasikia kazini kwake. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna kitu nataka kumwambia. Miaka kumi na mitatu ya ndoa. Nikamwonyesha kadi ya hospitali, akaisoma mbele na nyuma, akasema sawa, lakini niliona sawa yenyewe haijakaa.

Nikaacha kukimbia. Pete ilipogonga dirishani nilijifunika shuka. Nikaanza kula. Chapati asubuhi, maziwa mazito, ugali wa kushiba, nyama yenye mafuta, nakula mpaka tumbo linauma, nataka mwili urudi upesi watu wauone. Kichwa kikaanza kunigonga tena kwa nyuma, pale pale pa zamani. Mwalimu alikuja jioni ya siku ya nane, akanikuta na sufuria mapajani. Hakuninyang'anya. Alikaa, akaniuliza kama naogopa kufa au naogopa kusemwa. Nikalia. Nikamwambia naogopa vyote.

"Vyote huwezi," akasema. "Chagua kimoja, kingine nipe mimi."

Kesho yake akanitembeza, nikiwa na kadi yangu mkononi. Tulianza kwa Mama Rehema, na Mama Rehema hakutuficha. Alituuliza, mtu ameshakonda ndiyo mnakuja kutuambia? Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu hakubishana. Aliomba chai. Ilipoletwa kwenye vikombe viwili, alirudisha kimoja. Akanywa nusu, akanipa mimi, nikanywa, akakichukua tena mkononi mwangu, akamalizia mpaka masalia ya chini, polepole, anamtazama mwenye nyumba. Kisha akaaga. Siku hiyo alikunywa chai hiyo kwenye nyumba kumi na moja. Kwenye nyumba ya nane nilimwona anafumba macho kabla ya kumeza, tumbo limejaa, lakini akameza.

Sitasema midomo ilifungwa siku ile. Ilipungua makali, kisha ikapata watu wengine. Mume wangu akaanza kunigongea yeye mwenyewe nikichelewa kuamka. Orodha ya ofisini ilipotoka, jina langu halikuwemo. Bosi alikuwa ameshasikia habari za presha yangu, na alichoniuliza ni kama Mwalimu anaweza kumpokea mke wake. Miezi yote ile nimejificha bure. Hapo unaona hofu yangu ilivyo, inanilinda mahali pasipo na adui, halafu inaniacha wazi kwingine.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyekuwa Mwanza kwenye biashara ya mitumba. Aliletwa na gari moshi mwaka uliofuata, akashushwa na watu wawili wakimshika. Mwalimu akasema ni malaria iliyomkalia. Tukasema pole. Kila aliyekwenda kumwona alipokelewa mlangoni, akashukuriwa, akaagwa hapo hapo mlangoni. Madirisha ya upande wa barabara yalifungwa mchana kutwa. Alfajiri pete haikugonga tena. Tuliendelea kukimbia bila yeye, wachache, kisha wachache zaidi. Kijana alifariki kabla ya mvua. Msibani tulisema homa, wote, kama tuliokubaliana.

Arobaini ikapita, Mwalimu hakutoka. Tukasema ni majonzi, mwacheni. Kisha akaanza kuonekana sokoni, na tukamwona mwili umeongezeka. Mashavu yamejaa, mikono imejaa. Tulifurahi. Nisimsingizie mtu, na mimi nilimwambia kwa mdomo wangu: Mwalimu, umenawiri! Akatabasamu, akashukuru. Mimi, niliyekula wiki nzima na sufuria mapajani, sikujua ninachokitazama.

Mume wangu akahamishiwa Singida, tukaondoka. Tulikaa huko miaka sita. Tuliporudi Dodoma, siku ya kwanza niliyokwenda kupima presha nikamkuta kwenye benchi, amejaza nafasi ya watu wawili, miguu imevimba kwenye malapa. Nilimtambua kwa ushungi, kwa lile fundo la nyuma ya shingo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Neema. Bado unakimbia?"

Nikamwambia nakimbia. Akaitikia kwa kichwa kama anayeweka alama ya vema kwenye daftari. Pumzi zake zilikuwa fupi hata akiwa amekaa. Alikuwa amesahau miwani, akanipa kadi yake nimsomee alichoandikiwa na muuguzi. Niliisoma kimoyomoyo kwanza. Presha ya mama yangu haikuwahi kufika huko. Nikamsomea kama ilivyoandikwa, kwa sababu yeye asingenisamehe kumdanganya.

"Kubwa?" akauliza.

"Kubwa sana, Mwalimu."

Tulikaa. Watu waliitwa wakaingia. Nikamuuliza lile nililokuwa nimelihifadhi miaka yote, kwa nini aliacha. Nilidhani atasema umri.

"Baada ya msiba niliamka siku moja nivae raba," akasema. "Nikaiona mikono yangu ilivyo myembamba. Nikasema, wakiniona hivi watasema mama na mwana, kitu kimoja. Nikavua. Nikaenda jikoni."

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye uliyekunywa chai yangu."

"Ile ilikuwa aibu yako. Ya mwenzio nyepesi kubeba." Akavuta pumzi. "Kijana wangu alitaka nimtoe nje aote jua la asubuhi. Kila siku ananiomba. Namwambia upepo mbaya. Upepo haukuwa mbaya, Mama Neema."

Ningesema pole ingekuwa ile ile tuliyoisema mlangoni kwake. Nilimshika mkono, nao ulikuwa mzito na baridi, nikaona woga wangu wa siku zote umepata mahali pa kukaa: nilikuwa naogopa mtu huyu atakufa kwa sababu ya sisi, kwa sababu ya macho yetu, na mimi ni mmoja wa waliomsifia.

Nilianza kumpitia siku iliyofuata. Siku mbili hakufungua. Nilimsikia ndani anavuta kiti, nikasimama mpaka jua likanichoma, nikaenda kazini nimechelewa. Siku ya tatu akafungua. Tulitembea mpaka kona tukarudi, na kurudi kwenyewe alipumzika mara mbili ukutani mwa watu. Alitaka twende kukiwa na kiza. Nikakataa, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamkatalia kitu, nikamwambia saa moja asubuhi au basi. Dawa akawa anameza, sukari akabakiza kijiko kimoja na kulalamika kila siku. Ikapita miezi mitatu hivi.

Asubuhi moja tukapita mbele ya kwa Mama Rehema, naye yuko kibarazani anapeta mchele. Akainua macho. Akamtazama Mwalimu kuanzia ushungi mpaka miguuni, na ungo ukasimama mikononi.

"Mwalimu," akasema, "mbona umepungua hivyo?"

Mwalimu akasimama. Nilisubiri ajibu, mtu aliyewahi kumjibu kila mtu barabara ile. Mkono wake ukatafuta wangu, ukaukamata kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Alikuwa ananitazama mimi. Nikatamani mtu mwingine apite hapo aseme kitu.

"Amepungua," nikasema. "Na bado."

Nikamvuta tukaendelea. Mgongo wangu wote ulikuwa unasikiliza nyuma, unasubiri neno la Mama Rehema. Hakusema kitu, au alisema tukiwa tumeshapita.